Nondo na Siku ya Jasho

Paukwa!

Mbona mnaitikia kama mmelala na njaa? Paukwa! Pakawa! Haya, sasa nasimulia.

Hapo kale, wadudu walipokuwa wakisema, aliishi Bi Mwanakheri. Alikuwa na jaruba moja tu la mpunga. Likiharibika, yeye na wanawe hawana chakula.

Mpunga ulipobeba mimba, alipanda dungu, kile kichanja cha kuamia ndege. Nondo mweupe akaja kutafuta pa kutagia.

Siku ya kwanza ilinyesha mvua kubwa. Nondo akaangushwa majini, akaponea chupuchupu. Siku ya pili jua likawaka na upepo ukavuma. Nondo akapeperushwa mbali. Kereng'ende, aliyetua juu ya dungu, akacheka.

Siku ya tatu kukawa na manyunyu na joto la jasho, hata jani halitikisiki. Ndege hawakuja.

“Shikamoo, mama,” Nondo akasema kwa upole. “Ndege hawapo. Si ushuke ukapumzike?”

“Usiende, Bi Mwanakheri!” akasema Kereng'ende. “Siku ya jasho ni siku ya Nondo.”

“Aa, Nondo hana hata meno!”

Akashuka, akalala. Kweli Nondo hana meno, lakini wanawe wanayo! Alitaga mayai majanini, funza wakatoka, wakatoboa mabua.

Mashuke yakatoka meupe. Majirani wakapiga vigelegele. “Mpunga wa Bi Mwanakheri umeiva mapema!”

Bi Mwanakheri akavuta shuke moja, likachomoka lenyewe. Jepesi, tupu. Maskini, akalia.

“Nyamaza, mama,” akasema Kereng'ende. “Mabua mengi bado mazima. Ng'oa mabovu, uyachome. Na mwakani, usitazame ndege tu, tazama na hali ya hewa.”

Mwaka uliofuata siku ya jasho ikarudi. Watu wote walishuka madunguni wakaenda kulala. Bi Mwanakheri naye alishuka, lakini akaingia majini. Akageuza jani moja moja, akitumbua mayai.

“Mama, hupumziki?” akauliza Nondo.

“Nitapumzika nikishakula wali!”

Nondo akaruka kwa hasira kwenda kwa jirani. Njiani Kereng'ende akamdaka. Majirani walipoamka na kuona hayo, nao wakaingia majarubani. Wakati wa mavuno, kila jiko lilinukia wali mpya.

Wanangu, adui huchagua siku yake. Ijue siku hiyo, usiilalie.

Ngano yangu imeishia hapo. Iliyo tamu mkaisimulie, iliyo chungu niachieni mwenyewe.