Ufukwe wa Beseni

"Jamani, hivi ni mimi tu niliyechoka?"

Hapo zamani za kale, simu zimeshafika na wanyama bado wanasema, Nyati aliwaandikia hivyo wenzake wa bweni la chuo. Arobaini wakasoma. Hakuna aliyejibu, na kwato za kuandikia wanazo.

Nyati, mwenye kifua cha kung'oa mlango, akaanza kufunga sanduku. Kila akitazama picha za wenzake kwenye simu, Tembo yuko hotelini anacheka, Twiga yuko ufukweni anacheka. Akamwambia Kindi, jirani yake, kwamba kesho anarudi kwao. Chuo ni cha wenye furaha.

Kindi aliumia. Yeye ndiye fundi wa picha zile. Shuka nyeupe na ua la plastiki, hoteli hiyo. Beseni la maji na mchanga kidogo, ufukwe huo. Lakini kila mteja alimwapisha asiseme.

Basi hakusema. Alimwita Tembo aje chumbani kwake saa kumi, peke yake. Akamwita Twiga saa kumi, aje peke yake. Kisha akamwomba Nyati, kabla hajaondoka, amshikie shuka, maana yeye ana nguvu.

Ngo ngo ngo. Wakaingia wawili kwa pamoja, wakamkuta Nyati kashika hoteli, beseni miguuni.

"Twiga, wewe si uko ufukweni?" Tembo akauliza.

"Na wewe, shosti, hoteli wamekufukuza?"

Tembo akamgeukia Kindi. "Uliapa wewe."

"Sikusema neno, dada. Nimewapa saa tu."

Tembo akaketi kitandani, kitanda kikalia kwiii. Akaeleza taratibu kwamba wiki tatu chakula hakipiti, kila akiona picha za Twiga anajiona si kitu. Twiga akainamisha shingo yote ile. Naye alikuwa akizililia za Tembo.

Nyati akashusha shuka. "Kumbe hata nyinyi?"

"Tuliusoma ujumbe wako," Twiga akasema. "Tuliona aibu kujibu. Tusamehe."

Tembo hakungoja. Alikwenda chumbani kwa Nyati, akafungua sanduku kwa mkonga, akaanza kurudisha nguo kabatini, moja moja. Nyati akamwacha azirudishe zote.

Picha ya mwenzio haikuonyeshi machozi yake.

Nawe unayenisikiliza, nakuomba: leo mgongee jirani yako mlango, muulize hali, kisha kaa usikilize jibu.