Pembe ya Bwana Kifaru na Mbuzi ya Nazi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao na majirani wambeya kama sisi, Bwana Kifaru aliishi na mkewe, Bi Kifaru. Alikuwa na nguvu za kung'oa mti, lakini jikoni hakuwahi kukanyaga.

"Dume likikalia mbuzi ya kukunia nazi, pembe hudondoka," alizoea kusema.

Nani alimwambia? Hata yeye hakujua. Msicheke, wajukuu. Mimi babu yenu niliambiwa nikishika mwiko ndevu zitanyonyoka, na nikaamini mpaka nikaota mvi!

Siku moja Bi Kifaru akaenda kumtazama dada yake aliyejifungua. Aliacha mchele, mchicha na nazi. Siku ya tatu Kifaru alikuwa bado anatafuna mchele mbichi, kru, kru, na tumbo linanguruma.

Akapita jirani yao mdogo, Bi Kindi.

"Hodi! Shemeji, mbona umenywea hivyo?"

"Njaa, shemeji. Nipikie basi."

"Leo siwezi, mkono umeteguka. Kaa kwenye mbuzi, nikuelekeze."

"Mama wee! Na pembe yangu?"

"Loo, samahani! Za jirani yetu Nyati najua ni legelege. Yako nilidhani imeshika."

"Imeshika!" akafoka Kifaru, akaketi. Mbuzi ikalia krrr! Akakuna, kwaru, kwaru, kila mara akiipapasa pembe. Wapi! Haikutikisika. Akakamua tui, akapika wali, akaunga mchicha. Wakala wawili, na Kifaru kwa furaha akaanza hata kuimba.

Mara, hodi! Bi Kifaru huyo mlangoni. Kindi, pruu, dirishani!

"Sahani mbili," akasema Bi Kifaru. "Mwanamke gani amepika jikoni mwangu?"

Kifaru jasho likamtoka. Akisema ni mwanamke, ndoa imekwisha. Akisema ni yeye, Nyati yule pale anachungulia uani, atamtangaza kijiji kizima.

"Ni... ni mimi, mke wangu."

"Wewe? Dume? Thubutu!"

"Wallahi ni mimi! Wali wangu, mchicha wangu, hata chumvi nimeonja mwenyewe!"

"Haya, nionyeshe." Bi Kifaru akajinyoosha kwenye kiti cha mumewe. "Nimetoka safari, nina njaa. Nazi hiyo hapo."

Kifaru akaketi kwenye mbuzi, uani, mchana kweupe. Nyati akaangua kicheko, kwa kwa kwa! Juu ya paa Bi Kindi alijishika mbavu, na Bi Kifaru akamkonyeza. Hapo ndipo Kifaru alipoelewa kwamba wawili hawa walipanga tangu mwanzo. Aibu ikamshika, kisha akacheka mpaka machozi.

"Kumbe miaka yote hii pembe ilikuwa imara," akasema, "kilicholegea ni akili! Na wewe Nyati, acha kukenua meno, njoo ukamue tui."

Basi wajukuu, kila mwenye tumbo la kula ana mikono ya kupika.