Siku Mgongo wa Fundi Shekuwe Ulipotulia

Imepokewa kutoka kwa wazee waliokuwa wakiyachunga maneno yao, kwamba katika mji mmoja wa mawe, pwani ya kaskazini, palikuwa na mja mwema aitwaye Shekuwe bin Lali, fundi wa kuchimba visima. Siku moja kamba ilimkatikia akiwa anateremka kisimani, akaangukia kitako. Hakuvunjika kitu, wala hakuwa na jeraha la kuonekana. Lakini tangu siku hiyo alibaki na maumivu chini ya kiuno, upande wa kushoto, pale nyonga inaposhikana na uti wa mgongo.

Maumivu hayo hayakuwa na utaratibu. Kuna siku yalimwacha akatembea kama watu wengine, na kuna siku hata kugeuka kitandani kulikuwa kama kuchomwa msumari. Basi alijifunza kuishi nayo. Alilala kwa ubavu, nguo iliyokunjwa ikiwa katikati ya magoti, na akitaka kuamka huteremsha miguu kwanza, kisha akajisukuma kwa mkono. Mkewe, Mwanaisha, alimkanda kwa mchanga wa moto uliofungwa kitambaani. Kila alfajiri Shekuwe aliuzunguka ua wa nyumba polepole mpaka kiuno kilegee, ndipo akaenda msikitini.

Huko msikitini ndiko yalikoanzia mambo. Shekuwe aliijua hukumu ya sala ya faradhi: awezaye kusimama asimame, na asiyeweza akae. Kwa hiyo siku ya maumivu alisali ameketi, na siku ya nafuu alisimama. Pengine adhuhuri alikaa na alasiri akasimama. Watu wakamwona, wala hakuna aliyemuuliza. Barazani wakawa wanasema kwamba mgongo wa fundi unaumwa kwa zamu, kama walinzi wa ngome. Alipopita, mmoja humwuliza, "Fundi, leo mgongo umeuacha nyumbani?" Wenzake hucheka. Shekuwe huwatolea salamu, akapita.

Maneno hayo yangebaki kuwa mzaha, lau si kisima cha Mwana Rehema. Mwana Rehema alikuwa mjane. Marehemu mumewe, Bwana Kheri, alimpa kisima hicho angali hai, mbele ya mashahidi wawili: mzee mmoja ambaye hakuna aliyemtilia shaka, na Shekuwe mwenyewe aliyekichimba. Bwana Kheri alipofariki, ndugu yake, Bwana Madi, alikishika kisima akidai ni urithi. Mjane alikuwa na bustani ya mboga tu, na bustani haikuwa na maji mengine. Shauri likapelekwa kwa kadhi, naye akaagiza kwamba atakuja.

Bwana Madi hakusema kwamba Shekuwe ni mwongo. Alisema jambo zito kuliko hilo: kwamba mwenye kuichezea sala hana uadilifu, na asiye na uadilifu ushahidi wake haupokelewi; na shahidi mmoja aliyebaki hatoshi. Na wa kumthibitishia maneno hayo alikuwa nao, msikiti mzima.

Shekuwe alipopata habari hizo, ghadhabu ilimkaa kifuani. Watu waliosali naye bega kwa bega miaka yote wameufanya ugonjwa wake kuwa kosa, na kosa lenyewe atakayelilipa ni mwanamke asiye na mume. Alitamani amkabidhi kila mmoja wao kiuno kile kwa asubuhi moja tu, amtazame anavyoshuka kitandani. Rafiki yake mmoja alimshauri akae katika kila sala mpaka shauri liishe, kwani watu wakimwona katika hali moja watamwamini. Shekuwe alikataa. Alisema kwamba akikaa siku anayoweza kusimama, atakuwa ameacha nguzo ya sala kwa ajili ya macho ya watu.

Siku ya shauri ikafika. Shekuwe aliteremsha miguu kitandani, akasubiri ule msumari. Haukuja. Akasimama, akainama, akavaa viatu vyake mwenyewe. Mwanaisha alipomwona ameinama, uso ulimbadilika. Siku nyingine angemshukuru Mungu. Siku hiyo alikwenda pembeni akachukua mkongojo aliokuwa akiutumia siku za maumivu, akamletea.

"Mume wangu, shika huu. Sikwambii useme uongo. Ushike tu."

"Na mkongojo wenyewe utasema nini?"

"Utawaambia ulivyokuwa jana."

"Jana walinitazama wakacheka, Mwanaisha."

"Na Mwana Rehema je?"

Shekuwe aliuchukua mkongojo mkononi mwa mkewe kwa upole, akauegemeza ukutani, akatoka.

Adhuhuri ile kadhi alisali katika safu moja naye. Shekuwe alisimama, akarukuu, akasujudu, akainuka bila kushika sakafu. Mwilini hakuwa na uzito wowote, lakini moyoni hakupata kusimama kisimamo kizito kama kile. Baada ya salamu na dua, Bwana Madi hakungoja watu watulie.

"Bwana Kadhi, mtu huyu jana wakati huu huu alisali amekaa. Leo umemwona mwenyewe, amenyooka kama nguzo ya msikiti."

Kadhi akamgeukia Shekuwe. "Ni kweli, fundi? Jana ulikaa?"

"Nilikaa."

"Na leo?"

"Leo nimeweza, nikasimama."

"Na kesho?"

"Kesho siijui, Bwana Kadhi. Aliyeniruhusu kukaa ndiye aliyeniamrisha kusimama. Mimi namtii kwa siku niliyo nayo."

Kadhi akamwuliza Bwana Madi, "Wewe ulipomwona amekaa, ulikwenda kumjulia hali?"

Bwana Madi akatazama chini. Kadhi akawauliza waliokuwa kulia kwake, kisha waliokuwa kushoto. Hapana aliyejibu.

"Basi mmemhesabia rakaa," akasema, na sauti yake haikuwa na upole tena, "na haki ya mgonjwa juu yenu hamkuihesabu. Mtu huyu alijua kwamba akikaa leo ataaminiwa, na akisimama atavunjiwa heshima mbele yangu. Amesimama. Asiyekubali kunidanganya kwa mgongo wake, atanidanganya kwa ulimi wake?"

Ushahidi ukapokelewa, na kisima kikarudi kwa Mwana Rehema.

Kesho yake maumivu yalirudi. Shekuwe alikuwa amelala kwa ubavu, Mwanaisha akimkanda, ndipo waliposikia hodi mlangoni. Walikuwa watu wa barazani, wamekuja kumjulia hali. Aliwakaribisha, akawajibu walichomwuliza, wala hakuwachekea. Walipokwisha kuondoka, mkewe alisema kwamba angalau wamekuja. Shekuwe akasema, "Wamekuja baada ya kuambiwa na kadhi," akamwomba aongeze mchanga.

Ndugu yangu katika imani, ugonjwa usio na jeraha ni mtihani wa watu wawili, anayeumwa na anayemtazama. Fundi Shekuwe aliujibu wake kwa kusimama siku aliyoweza na kukaa siku aliyoshindwa. Wa pili uliulizwa msikitini, safu nzima, na watu wakanyamaza. Tumwombe Mwenyezi Mungu asitukute sisi katika safu ile.