Alama Nyekundu ya Fundi

Wapendwa, palikuwa na mama mmoja aliyesimamia mashine ya kusaga ya kikundi cha wanawake. Jina lake silisemi, maana nikilitaja mtaanza kuulizana ni wa ukoo gani, mkaacha kunisikiliza. Kijijini kwake masika yakianza barabara inakatika, dizeli haifiki, na wanawake wanabeba mahindi kichwani kilomita kumi na moja kwenda kusagia kwingine. Mmoja wao aliwahi kujifungulia njiani kwenye tope. Mama huyu alikuwepo, na tangu siku ile aliapa kwamba mashine haitazimika tena kwa sababu ya mvua.

Basi akajifunza kukamua mbegu za mbono, ile miti ya uzio ambayo hata mbuzi hawaigusi. Mafuta yake akayapika, akayachuja, akayachanganya na dizeli nusu kwa nusu, ili dizeli ya mwezi mmoja itoshe miezi miwili.

Siku ya kujaribu, mashine ikatoa moshi mweusi, nguvu zikaisha, mahindi yakakwama. Watu wakacheka. Fundi wa mashine, mtu mzima mwenye heshima zake, akaizima.

"Mama, mwaga hayo mafuta. Utaua mashine ya watu."

"Mafuta hayana kosa, fundi. Haya yanachelewa kushika moto, na sisi tunayaingiza kwa wakati ule ule wa dizeli. Pampu iyarushe mapema kidogo."

"Pampu haiguswi. Unaiona ile alama nyekundu kwenye gurudumu? Inaonyesha mafuta yarushwe wakati gani. Aliyeiunda mashine ndiye aliyeiweka. Wewe unajua kumshinda?"

Hebu niambieni, mngemjibu nini? Wengi wetu tungeomba radhi tukaenda kumwaga mafuta. Mama yule alikasirika, na hakutafuna maneno.

"Alama hiyo uliipaka wewe, fundi, mwaka ule ulipoifungua injini. Mimi ndiye niliyekushikia kopo la rangi."

Fundi alinyamaza. Hakuwa mwongo. Miaka ilikuwa imepita mingi, akiiona alama kila siku, mpaka mwenyewe akaamini imetoka kiwandani.

Mama akachukua spana. Chini ya pampu hukaa vibati vyembamba, na ukivipunguza mafuta yanaingia mapema. Akatoa viwili, akaiwasha, mashine ikagonga vibaya, watu wakarudi nyuma. Yeye hakuondoka. Akaizima, akarudisha kimoja, akaiwasha tena. Moshi ukapungua, mlio ukatulia, unga ukaanza kushuka kwenye mfuko.

Naona mnatabasamu. Kila mmoja anajiona ndiye yule mama. Hapana, wapendwa. Sisi ni yule fundi, na tumemzidi ubaya, maana yeye alipoambiwa ukweli alinyamaza.

Mwezi uliopita tulimtoa kwenye kwaya binti aliyezaa kabla ya ndoa. Tulimwambia ndivyo Mungu anavyotaka. Je, ni kitabu gani hicho, sura ya ngapi? Nimetafuta wiki tatu. Nilichokipata ni karatasi ya kikao chetu cha wazee, na sahihi ya kwanza pale chini ni yangu. Naona aibu kuwaambia, lakini nawaambia. Tulitunga sisi, kisha tukamsingizia Mungu.

Na bado tunaketi hapa tukilalamika kwamba ibada imepoa, vijana wamekimbia, nyimbo hazina nguvu. Tunamlaumu nani?

Najua wapo watakaoniita kikaoni kesho. Waniite, nitakuja, na nitayasema haya haya. Lakini binti yule yuko nje sasa hivi, amesimama dirishani na mtoto mgongoni, kwa sababu tulimwambia aimbie huko. Mimi nashuka hapa kwenda kumshika mkono. Kwaya, msianze wimbo mpaka awe amesimama kati yenu. Na anayetaka kunizuia, mlango ni ule pale, anitangulie.