Sijambo ya Mzee

"Sijambo ya mzee, mgeuze." Mmemsikia nesi akiisema leo mkacheka, mkadhani mzee anageuzwa kama chapati. Msicheke. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na fundi cherehani hapa kwetu, Shekue, mtoto wa pekee wa Bi Mwanahawa. Mama huyo aliteleza chooni akavunjika nyonga, na tangu hapo akawa mtu wa kitandani. Siku ya kumrudisha nyumbani kutoka hospitali, nesi alimwambia Shekue, "Mgeuze mara kwa mara, asilalie upande mmoja. Na mgongo uutazame."

Shekue aliitikia, lakini moyoni alijiuliza, mwanamume atamfunuaje mama yake? Dada hakuwa naye, na mke alikwisha kumwacha. Naye mama, kwa haya zake, alijifunika kanga mpaka kidevuni hata wakati wa joto. Basi Shekue akawa anamlisha uji, anamwekea mto vizuri, na kila asubuhi anampigia magoti.

"Shikamoo, mama. Umeamkaje?"

"Marahaba. Sijambo, mwanangu."

Neno hilo lilimtosha. Alitoka kwenda kushona, moyo mweupe.

Chumba kikaanza kunuka. Shekue akadhani ni godoro, akafukiza udi. Harufu ikizidi, naye akizidisha udi. Mama akaacha kula, akawa anamwita mwanawe kwa jina la marehemu mumewe. Majirani wakasema ni uzee tu, na Shekue akawaamini, maana kuamini kulikuwa rahisi.

Ndipo akaja Mwanamkuu, mdogo wake Bi Mwanahawa, kumtazama dada yake. Alisimama mlangoni akakunja uso.

"Udi wote huu wa nini, Shekue? Kuna arusi humu?"

Hakungoja jibu. Alimgeuza dada yake, akaifunua kanga, akapiga yowe. Kidonda kilikuwa kimekula nyama mpaka mfupa unaonekana.

Shekue alianguka chini kando ya kitanda. "Mama! Kila siku nakuuliza. Mbona ulisema hujambo?"

Akili ilimrudia mama kidogo. Akamtazama kwa huruma, kama Shekue ndiye mgonjwa.

"Uliniamkia, baba. Salamu lazima ijibiwe."

Walimkimbiza hospitali, lakini uchafu wa kidonda ulikwisha kuingia kwenye damu. Alirudi akiwa maiti. Watu walimwambia Shekue kuwa ni kudra ya Mungu. Yeye alijua ni kanga ambayo hakuifunua.

Pale msibani jirani mmoja alimshika mkono akamuuliza, "Hujambo, ndugu yangu?"

Kinywa kikajibu chenyewe, "Sijambo."

Aliposikia neno lile limetoka kwake, Shekue alilia mpaka wanaume wakamshika. Hakuijibu tena salamu kwa neno hilo maisha yake yote, wala hakupona majonzi yake. Ila kila aliyekuwa na mzee ndani, alimsimamisha njiani akamwambia maneno hayohayo: sijambo ya mzee, mgeuze.