Jina la Kwanza kwenye Makala ya Mifupa

Sogeeni karibu. Hadithi hii ina swali mwishoni, na mwenye jibu la haraka aliweke kwanza chini ya ulimi.

Kwenye mteremko wa Mlima Meru walikuwako watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Mama Anaeli, mfinyanzi, aliujua moto kwa harufu. Faki, fundi wa maabara ya chuo, alikuwa na mkono usiotetemeka. Na Daktari Elipokea, mkemia, aliweza kutazama tarakimu mia zilizotawanyika akaiona kanuni iliyojificha ndani yake.

Elipokea alikuwa ameandika makala kumi na tisa. Zilinukuliwa mara saba tu, na katika hizo saba, tano alijinukuu mwenyewe. Mkuu wa idara hakumficha: "Daktari, mwakani Juni tunahesabu tena. Usiponukuliwa, mkataba hatuurefushi."

Elipokea akakaza kilemba. "Sitoki hapa," akasema moyoni.

Akachagua tatizo alilokuwa nalo kinywani. Maji ya kijijini kwao yana floraidi nyingi, na watoto huota meno ya kahawia, kama yake. Alijua mifupa ya ng'ombe iliyochomwa huichuja floraidi. Lakini mifupa aliyoichoma hadi ikawa myeupe ilichuja kidogo mno.

Mama Anaeli ndiye aliyechoma mipya. Siku hiyo mvua ilimkuta tanuri linawaka, akalifunika kwa udongo mbichi, kama afanyavyo kwa vyungu vyeusi. Mifupa ikatoka myeusi tii. Elipokea akataka kuimwaga.

"Usimwage, mwanangu. Pima kwanza, ndipo unitukane."

Faki ndiye aliyepima. Siku arobaini, chupa baada ya chupa. Mifupa myeusi ilichuja karibu floraidi yote. Mara nne Elipokea alisema lazima pana kosa, na mara nne Faki alianza upya.

"Daktari, huuamini mkono wangu, au huiamini bahati yako?"

Elipokea ndiye aliyeeleza kwa nini. Alikaa na tarakimu za Faki wiki tisa, hata uji ukawa unapoa mbele yake. Mwishowe akapata kanuni: joto kiasi gani, hewa kiasi gani, ili mtu yeyote, popote, apate mfupa uleule. Bila hiyo, ingebaki bahati ya tanuri moja siku ya mvua.

Jarida kubwa likaikubali makala. Mhariri akauliza jambo moja: majina yafuatane vipi? Kwa desturi ya wasomi, anayenukuliwa ni wa kwanza. Wengine humezwa na maneno mawili: "na wenzake".

Wakakutana tanurini.

"Mimi nastaafu Desemba," alisema Faki. "Miaka thelathini na moja jina langu limekaa kwenye shukrani, chini kabisa, jirani na waliotuazima friji."

"Na mimi naitwa mchawi wa mifupa," alisema Mama Anaeli. "Mwanangu anachekwa kisimani. Nataka asimame pale alisome jina langu kwa sauti."

"Mama, makala ni ya Kiingereza," alisema Elipokea.

"Jina langu litabaki la Kimeru humohumo."

Faki akacheka. Elipokea hakucheka.

"Mimi nikiwa 'na wenzake', Juni natoka," alisema. "Nikitoka, nani atawatengenezea watoto machujio?"

"Aa, Daktari! Sasa unajificha nyuma ya watoto?"

"Nasimama mbele yao, Bwana Faki. Na jina nalitaka pia, sikatai."

Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyerudi nyuma. Mwishowe Mama Anaeli akajifuta majivu mikononi.

"Wewe ndiye unayetuma. Andika. Ila andika ukitutazama usoni."

Elipokea akafungua kompyuta mapajani. Nafasi tatu zilikuwa tupu. Akaweka kidole juu ya herufi, akainua macho, akawatazama.

Haya, ninyi mliokuwa kimya, toeni mlichoficha chini ya ulimi. Bila moto wa Mama Anaeli, hakuna mfupa mweusi. Bila mkono wa Faki, hakuna wa kuamini. Bila kanuni ya Elipokea, hakuna wa kurudia. Nafasi ya kwanza ni moja tu. Kidole kingekuwa chako, ungeandika jina la nani, na wale wawili ungewatazamaje?