Komeo la Mwinyikombo

Sogeeni, mnitegee masikio. Palikuwa na Mwinyikombo, bingwa wa kuhubiri ukarimu. Siku moja ya mvua kubwa zimwi likampigia hodi, limelowa chepechepe. Akahubiri dirishani, "Mgeni apokewe," lakini mlango hakufungua, komeo likanenepa. Zimwi likapiga hodi tena, akahubiri tena, komeo likanenepa. Mara ya tatu komeo likaota mizizi, na mafuriko yakaingia ndani.

Jirani yake, Bi Sikudhani, alilifungulia zimwi, akalipakulia uji. Mara wakamsikia Mwinyikombo, "Jamani, nazama." Zimwi likaweka bakuli chini, likaenda kuung'oa mlango.

"Kumbe mahubiri yangu yamekuingia," alisema Mwinyikombo.

"Hayo niliyasikia mara tatu," likajibu. "Kilichoniingia ni uji wa jirani yako."

Nyumba ile haina mlango mpaka leo.